Njia tano za kutopoteza mada kwenye maongezi: ipi inakufaa?

Umempigia simu shangazi aliyeko Sengerema umuulize jambo moja tu, mpaka wa shamba. Zinaanza salamu. Zinafuata habari za mgonjwa, mtoto aliyefaulu, bei ya mpunga, na jinsi daraja la Kigongo–Busisi lilivyofupisha safari ya kuja Mwanza tangu lifunguliwe mwaka 2025. Mnaagana kwa upendo, simu inakatika, na mpaka wa shamba haujaguswa.

Hakuna aliyekosea hapo. Ndivyo tunavyoongea Kanda ya Ziwa: huulizwa mtu kwanza, ndipo liulizwe jambo. Nayapenda maongezi ya namna hiyo na sitaki mtu ayageuze kuwa ajenda za ofisini. Ila kichwa kinachotakiwa kubeba yote hayo kina nafasi ndogo. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, alikadiria kwamba mtu hushika kichwani kwa wakati mmoja vitu kama saba, pengine viwili zaidi au viwili pungufu. Mwaka 2001 Nelson Cowan aliupitia upya ushahidi akashusha makadirio hayo hadi karibu vinne. Navyo havikai sana. Mwaka 1959 Lloyd na Margaret Peterson waliwapa watu herufi tatu tu wazikumbuke, kisha wakawaagiza wahesabu namba kwa kurudi nyuma ili wasipate mwanya wa kuzirudiarudia moyoni. Baada ya sekunde 18 sehemu kubwa ya herufi hizo ilikuwa imeshafutika. Hizo sekunde 18 mtu hajamaliza hata kukueleza kwa nini amechelewa.

Kalamu na daftari ni msaada mzuri, na panapofaa vitumie. Lakini zipo sehemu nyingi ambapo huwezi kutoa kalamu: kwenye kikao cha posa, ukiwa umekaa na mfiwa, sokoni mikono ikiwa na magamba ya sato, au mbele ya mzee anayekupa siri ya ukoo. Hapo unabaki na kichwa chako. Nimechagua njia tano ambazo mtu anaweza kuzitumia bila kifaa chochote, na nitazipima kwa vigezo vilevile.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni mzigo: njia hiyo inakula akili kiasi gani wakati mwenzako bado anaongea? Mwaka 1973 Malcolm Brenner aliwaweka watu wasome maneno kwa zamu, kisha akawauliza wanakumbuka nini. Kila mmoja alikumbuka vibaya zaidi yale maneno yaliyosomwa muda mfupi kabla ya zamu yake mwenyewe. Akili ilikuwa imeshaanza kujiandaa kusema, ikaacha kusikia. Njia ya kutunza mada inaweza kukuletea hasara hiyohiyo: ukawa bingwa wa kupanga mada huku maneno yenyewe yanakupita.

Cha pili ni wingi, yaani inabeba mada ngapi. Cha tatu ni kukatizwa: mtu akiingia, simu ikiita, au maongezi yakihamia kwingine, inakurudisha ulipokuwa? Cha nne ni kudumu, yaani kesho bado utakuwa nazo? Cha tano ni adabu, inaonekanaje mbele za watu.

Na kabla hujasoma zaidi, jiulize swali moja ambalo wengi huliruka: mada unazozipoteza ni zipi? Kuna mada ulizokuja nazo kutoka nyumbani, na kuna mada zinazozuka hapohapo katika maongezi. Zinapotea kwa sababu tofauti. Za kwanza zinafunikwa na mengine, za pili hazikupata pa kukaa tangu mwanzo. Njia inayookoa aina moja inaweza isiokoe nyingine, na watu wengi huacha njia nzuri kwa sababu waliitumia kwa aina isiyo yake.

1. Vidole

Kila mada inayofunguliwa inapewa kidole. Ikifunguliwa, unakunja kidole na kutaja moyoni neno moja tu la kuiwakilisha. Ikimalizika, unakinyoosha. Wakati wowote, vidole vilivyokunjwa ndivyo vinavyokudai.

Tumtazame mama anayenunua dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Simu iko sikioni, na upande wa pili ni kijana anayemletea mzigo kutoka visiwani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Za huko?”

“Nzuri mama. Mzigo upo, gunia ishirini. Ila mvua ilitunyeshea, sita hazijakauka vizuri. Boti ni Alhamisi. Halafu mama, ile nauli ya safari iliyopita bado. Na naomba utume magunia matupu, huku yameisha.”

Gumba: ishirini. Cha shahada: mbichi. Cha kati: Alhamisi. Cha pete: nauli. Cha mwisho: magunia. Mkono mzima umefungwa. Mama anaanzia pale panapomuuma, kwenye dagaa mbichi, kwa sababu dagaa wasiokauka wanaoza njiani na hasara ni yake. Kijana anajitetea: vichanja havitoshi, wengine wanaanika mchangani, na giza limeisha, mwezi umeanza kuangaza, kwa hiyo kazi ya usiku inasimama na hakutakuwa na mzigo mwingine hivi karibuni. Maelezo yanachukua dakika nzima. Wanakubaliana zile sita zishushwe bei. Kidole cha shahada kinanyooka, na gumba pamoja nacho. Cha pete bado kimekunjwa. “Haya mwanangu, na hiyo nauli, ilibaki shilingi ngapi?”

Kwa mzigo, hakuna njia nyepesi kuliko hii. Kumbukumbu imehamia mkononi na masikio yamebaki huru. Kwa wingi, ni tano. Wapo wanaoongeza mkono wa pili, lakini kuanzia mada ya sita vidole vinaanza kuchanganyana, hujui tena cha kati cha kushoto kilikuwa nini. Kwa kukatizwa iko imara sana: mteja mwingine anaweza kusimama mbele yako akauliza bei, na ukirudi kwenye simu mkono bado umefungwa vilevile. Kudumu ndipo inaposhindwa. Ukishika ndoo ya maji, hesabu imekwisha. Kwa hiyo kilichobaki wazi kihamishiwe kwenye daftari au kwa mtu mwingine maongezi yakiisha tu.

Kwa adabu, mkono uwe chini, kwenye paja, ndani ya kanga au mfukoni. Ukikunja vidole mbele ya uso wa mzee anayekusema, ataona unamhesabia maneno yake.

Inawafaa wanaopokea mambo mengi kwa kasi na lazima wayajibu palepale: wafanyabiashara, wasimamizi wa mafundi, mama anayeongea na watoto watatu kwa pamoja. Ni njia ya mada zinazozuka.

2. Vituo vya njiani

Hii ndiyo kongwe. Inahusishwa na mshairi Mgiriki Simonides, ambaye kwa masimulizi ya Cicero, mnenaji wa Roma, aliweza kuwatambua watu walioangukiwa na jengo karamuni kwa kukumbuka kila mmoja alikuwa amekaa wapi. Msingi wake ni kwamba akili hushika mahali kwa urahisi kuliko orodha, kwa hiyo kila mada unaiweka kwa picha mahali pake. Mwaka 2003 Eleanor Maguire na wenzake huko London waliwachunguza watu 10 wenye kumbukumbu ya hali ya juu, wengi wao wa mashindano ya kukumbuka. Hawakuwa na akili za ajabu wala ubongo wenye umbo tofauti. 9 kati yao walikuwa wakitumia njia hii.

Mkazi wa Mwanza hahitaji kujenga kichwani jumba lolote la kuwekea mada, daladala imeshamjengea. Kutoka mjini kwenda Buhongwa unapita Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Mkolani, ndipo Buhongwa. Vituo sita, kwa mpangilio ambao huwezi kuusahau hata ukiamshwa usiku.

Sasa tuseme wewe ni mshenga, unakwenda kuongea mahari upande wa Kisukuma, na familia imekupa mambo sita. Igogo umweke baba wa kijana akipunga mkono: hizo ni salamu zake maalumu. Mkuyuni, ng'ombe wamefungwa chini ya mti, wakubwa kwa wadogo: idadi ya ng'ombe. Butimba, mwalimu wa chuo cha ualimu amekaa kizingitini anahesabu noti: sehemu ya fedha taslimu. Nyegezi, basi la mkoani limebandikwa kalenda kioo kizima: tarehe ya ndoa. Mkolani, bibi amejifunika blanketi jipya jua kali la saa saba: zawadi ya bibi. Buhongwa, watu waliovaa sare wamejaa kituoni wanagombea gari: usafiri wa wageni. Picha ziwe za kupita kiasi kidogo, zenye mwendo. Picha ya kawaida haigandi.

Suala la mzigo hapa lina majibu mawili yaliyo mbali mno. Ukiwa umepandisha mada vituoni kabla ya kutoka nyumbani, mzigo kikaoni ni mdogo sana, unatazama tu kituo kinachofuata. Ukijaribu kupandisha mada mpya huku wazee wanaongea, utapotea. Kutengeneza picha kunataka utulivu ambao kikao hakikupi. Ndiyo maana wengi husema “hii njia ngumu” na kuiacha, wakati wangeitumia kwa mada walizokuja nazo wangeisifu.

Kwa wingi inazipita zote. Ukimaliza njia ya Buhongwa unahamia ya uwanja wa ndege kupitia Kirumba na Pasiansi, na kuendelea. Kwa kukatizwa ni nzuri: chakula kikiletwa katikati ya mazungumzo ya ng'ombe, unajua umeishia Mkuyuni. Kwa kudumu ni ya kwanza pia, picha hizo kesho asubuhi zitakuwepo. Kasoro yake inatokana na uzuri huohuo: abiria wa jana hawashuki upesi. Ukitumia njia ileile kila siku, utamkuta bibi wa blanketi Mkolani wakati wewe leo umebeba habari za mkopo. Uwe na njia mbili tatu za kupishana.

Kwa adabu, haionekani kabisa. Hatari yake ni moyoni mwako, kwamba utatamani kituo kinachofuata wakati mzee wa upande wa pili anasimulia jinsi mifugo ilivyokuwa zamani. Msikilize. Mkuyuni haiondoki.

Inawafaa washenga, wasemaji wa familia, viongozi wa vikundi, walimu, na yeyote anayejua anakwenda kusema nini.

3. Mnyororo wa picha

Hapa hakuna vituo. Mada ya kwanza unaifunga na ya pili kwa tukio, ya pili na ya tatu, mpaka kipatikane kisa kimoja. Kikao cha wazazi kimegusa mlinzi, uji wa wanafunzi, vyoo na mtihani wa majaribio? Mlinzi amebeba sufuria la uji, analimwaga mlangoni mwa choo kipya, na uji unalowesha rundo la karatasi za mtihani.

Nguvu yake imethibitishwa vizuri. Gordon Bower na Michal Clark, mwaka 1969, waliwapa watu orodha 12 za maneno kumi kumi. Waliotunga visa walikumbuka karibu asilimia 93 ya maneno yote mwishoni, wasiotunga asilimia 13. Ila tazama masharti: waliotunga walijipimia muda wao, kwa wastani dakika moja na zaidi kwa kila orodha. Katika maongezi nani atakunyamazia dakika nzima?

Kwa hiyo mzigo ni mkubwa, tena unaangukia wakati mbaya, mtu akiwa anaongea. Wingi ni wa kati, mada saba au nane bila shida. Ikikatizwa inategemea: pete moja ikikatika, zilizo mbele yake nazo zinaweza kupotea, kwa kuwa kila moja imeshikwa na jirani yake tu. Kwa kudumu ni nzuri sana, kisa kinakaa siku kadhaa. Kwa adabu haina tatizo, ingawa macho yako yanaweza kwenda mbali kidogo unapotunga.

Mimi naiona ni njia ya baada ya maongezi zaidi kuliko ya ndani yake. Umetoka kikaoni, uko kituoni unasubiri gari, tunga kisa cha mambo manne mliyokubaliana. Inawafaa pia wale wenye vipaji vya kusimulia, ambao picha huwajia zenyewe bila kuzitafuta. Kama wewe ni mmoja wao, unaweza kuona mzigo niliousema haukuhusu.

4. Shina na matawi

Njia hii haijali mada ni ngapi. Inajali mmetoka wapi. Maongezi yanapoacha jambo kuu, unaweka alama moyoni: “tumetoka kwenye hati”. Unabaki na vitu viwili tu kichwani, shina na tawi mlilopo sasa. Tawi likiisha, unarudi shinani.

Ndugu wawili wamekaa kwenye kivuko cha Kamanga, wanavuka ghuba kwenda kumwona mama. Jambo lao ni hati ya kiwanja cha marehemu baba. Kaka anaanza, kisha anakumbuka kwamba mwanasheria aliyewasaidia ana mtoto anayesoma na binti yake, na hapo ada inaingia, na ada ikiingia jua kuna mengi ya kusema. Dada anamwacha aseme, kwa sababu ada nayo inauma. Kaka akivuta pumzi, dada anasema: “Pole kaka. Hilo la ada tukifika kwa mama tulikalie, nami nitachangia. Sasa ile hati, jina la nani ndilo lililoandikwa?”

Sentensi hiyo imefanya kazi mbili. Imerudisha shina, na imelipatia tawi miadi. Kazi hiyo ya pili ina sababu. Mwaka 1927, huko Berlin, Bluma Zeigarnik alieleza kwamba watu waliokatizwa katikati ya kazi waliikumbuka kuliko kazi walizomaliza. Majaribio ya baadaye hayakuleta matokeo hayo kila mara, lakini ule msukumo wa jambo lililobaki nusu kila mtu anaujua. Mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba mtu akipanga vizuri lini na vipi atalimaliza jambo, jambo hilo linapunguza kumsumbua kichwani hata kabla hajalimaliza. Ndiyo maana “tutalirudia” ya hivihivi haitoshi. “Tukifika kwa mama” inatosha.

Mzigo wake ni wa wastani, na unapungua kwa mazoezi mpaka inakuwa tabia. Wingi ni mdogo: shina, tawi, na tawi la tawi, zaidi ya hapo mtu anapotelea msituni. Kwa kukatizwa haina mpinzani, maana ndiyo kazi yake. Kudumu ni nusu: kesho utakumbuka mliongea nini na kwa mtiririko gani, lakini tarehe na kiasi cha fedha vitakuponyoka. Kwa adabu inataka ulimi mzuri. Kumrudisha mwenzako shinani kunaweza kusikika kama kumwambia anapoteza muda. Kwa mkubwa, anza na maneno yake mwenyewe: “Babu, uliniambia mpaka ulipita kwenye ule mwamba, baada ya mwamba ulielekea wapi?” Hapo hujamkatiza, umemwomba aendelee.

Inawafaa wasikilizaji: wanaofanya usuluhishi wa familia, viongozi wa dini, wanaokusanya historia za wazee, na marafiki wa mtu mwenye maneno mengi na moyo mzito.

5. Kurejea kwa sauti

Unarudia kwa kifupi ulichosikia, kwa sauti, na kumwachia mwenzako nafasi ya kukusahihisha. Marubani na waongoza ndege hufanya hivi kila siku: maagizo yakitolewa, rubani huyarejea, kwa sababu angani hakuna nafasi ya “nilidhani ulisema”.

Mama ametoka kwa daktari na mtoto, yuko mlangoni.

“Kwa hiyo daktari, kidonge nusu asubuhi na jioni, baada ya kula, nisiache hata homa ikishuka, na nirudi Jumatatu.”

“Vyote sawa mama, ila kurudi ni Jumanne.”

Kati ya njia zote tano, hii peke yake inagundua kwamba ulisikia vibaya. Nyingine nne zingelitunza kosa hilo kwa uaminifu mkubwa. Panapohusika dawa, fedha, tarehe na majina, sioni kwa nini mtu aiache.

Mzigo unagawanywa, nusu anabeba mwenzako. Kwa wingi, mada tatu nne kwa mara moja, kwa hiyo rejea mara kwa mara kuliko kusubiri mwisho. Ikikatizwa, ukirejea tena mnaanza upya kwa pamoja. Kwa kudumu ni nzuri: mwaka 2010 Colin MacLeod na wenzake walionyesha kwamba maneno yaliyosomwa kwa sauti hukumbukwa kuliko yaliyosomwa kimyakimya. Na kwa adabu mara nyingi inakuongezea heshima. Rick van Baaren na wenzake, Uholanzi, mwaka 2003, walikuta kwamba mhudumu wa mgahawa aliporudia oda kwa maneno ya mteja mwenyewe alipewa bakshishi kubwa zaidi.

Lakini haifai kila mahali. Kwenye daladala huwezi kurejea siri ya mtu kwa sauti. Mfiwa anayelia hahitaji umsomee muhtasari wa aliyoyasema. Na mtu mwenye hasira anaweza kusikia kejeli pale uliporudia maneno yake, kwa hiyo subiri apoe.

Inawafaa wauguzi, wahudumu wa maduka ya dawa, mafundi wanaopokea kazi, wahudumu wa mama lishe wakati wa mchana watu wamejaa, na kila mgonjwa.

Zinapishana wapi

Ukiziweka pamoja utaona vidole na shina zinakwenda na maongezi yanavyokwenda, vituo vinatangulia maongezi, mnyororo unayafuata, na kurejea kunafanyika ndani yake kwa ridhaa ya wote wawili. Kwa hiyo hazigombani. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, na kwenye mikutano vidole ndivyo ninavyovitumia kwa hoja za wanachama, kisha kabla watu hawajainuka narejea kwa sauti yale tuliyokubaliana. Mweka hazina wetu hawezi vidole kabisa, anasema vinamchanganya. Yeye ana vituo vyake na huja na hoja saba bila karatasi. Wote wawili tunafanya kazi vizuri.

Kwa hali yako

Kama unakwenda kuongea jambo ulilolipanga, iwe posa, kuomba mkopo, au kumweleza bosi shida zako, panga vituo ukiwa nyumbani. Kama mambo hayazidi matatu, vidole vinatosha, usijisumbue.

Kama kazi yako ni simu zinazoita mfululizo na kila mpigaji ana mambo manne, anza na vidole leo hii. Ongeza kurejea kwa sauti kila inapotajwa fedha au siku.

Kama unamhudumia mgonjwa au wewe mwenyewe ndiye mgonjwa, rejea kwa sauti, kisha mwambie na mtu mwingine wa nyumbani. Usione aibu kumrudisha daktari nyuma.

Kama unakaa na mzee anayesimulia, au na rafiki aliyeelemewa, chukua shina na matawi na uache mengine yote. Hapo mada hata ikipotea kidogo si hasara, ila mtu akihisi hasikilizwi ni hasara.

Kama kikao kimekwisha na hutaandika mpaka ufike nyumbani, tunga mnyororo ukiwa njiani, wakati mambo bado mabichi.

Kama wewe ni mtu unayesahau kile unachotaka kusema kwa sababu unaogopa kukisahau, yaani unakishikilia mpaka husikii mwenzako anasema nini, kikunjie kidole kimoja na urudi kusikiliza. Hilo tu kwa kuanzia.

Na kama kusahau kumeanza ghafla, au mzee wako wa nyumbani ameanza kupoteza hata majina ya wanawe na njia ya kwenda sokoni, hakuna mbinu hapa itakayotosha. Mpeleke hospitali aonwe, na umsindikize ndani ili uyasikie maelezo pamoja naye.